Mlinzi wa amani wa Texas: anayepiga kura siye anayehukumiwa

Mtanzania akisikia "mlinzi wa amani", humkumbuka hakimu anayeandika maelezo ya mtuhumiwa aliyeamua kukiri kosa. Texas, nchini Marekani, mwenye cheo hicho huchaguliwa na wananchi kila baada ya miaka minne, kwa tiketi ya chama, na hatakiwi kuwa mwanasheria. Akishinda, mwaka wa kwanza anahudhuria mafunzo ya saa 80, kisha saa 20 kila mwaka.

Mamlaka yake si madogo. Tangu Septemba 2020 anasikiliza madai ya hadi dola 20,000. Kesi za kumwondoa mpangaji katika nyumba huanzia kwake. Anatoza faini kwa makosa madogo na kufungisha ndoa. Kaunti nyingi kati ya 254 za jimbo hilo hazina daktari maalumu wa kuchunguza vifo, kwa hiyo huko ndiye anayetamka marehemu amekufa kwa sababu gani.

Je, ni sawa hakimu asiyesomea sheria apatikane kwa kura? Kazi hii ya vifo inanifanya nisite kuegemea upande mmoja. Februari 2016, Jaji Antonin Scalia wa Mahakama ya Juu ya Marekani alifariki katika ranchi kaunti ya Presidio. Walinzi wa amani wa huko hawakupatikana, hivyo mkuu wa kaunti, naye wa kuchaguliwa, akatamka kwa simu kwamba ni kifo cha kawaida. Mwili haukupasuliwa. Sheria iliruhusu, lakini uvumi ulienea nchi nzima. Halafu nakumbuka Uvalde, Mei 2022, watoto 19 na walimu wawili walipouawa shuleni. Aliyeingia kutambua miili alikuwa mlinzi wa amani, mtu wa mji huohuo. Sioni shahada gani ingemfaa siku ile kuliko kuwa mwenyeji miongoni mwa wafiwa.

Wanaotetea uchaguzi wanasema hivyo hivyo: huyu anatujua, na akituonea tunamng'oa. Wanaongeza kwamba kutosomea sheria hakukuletwa na kura. Uingereza, ambako cheo hiki kina mizizi tangu 1361, walinzi wa amani huteuliwa, na wengi wao si wanasheria pia. Hoja hiyo naikubali.

Shaka yangu iko kwingine. Nenda siku ya kesi za nyumba uangalie waliokaa kwenye mabenchi: ni wapangaji waliochelewesha kodi. Mpangaji huhama mara kwa mara, na akihamia kaunti nyingine lazima ajiandikishe upya kama anataka kupiga kura. Asiye raia hapigi kabisa. Houston, Dallas, Fort Worth na Abilene zina familia za Kikongo zinazozungumza Kiswahili, zilizofika kama wakimbizi, na hata zikiwa na kibali cha kudumu hazina kura mpaka zipate uraia. Mwenye nyumba ana anwani ileile miaka 20 na jina lake liko kwenye daftari la wapiga kura. Basi ile "tunamng'oa" ni silaha ya mmoja kati ya wawili wanaosimama mbele ya meza ile. Sisemi hakimu anapendelea. Nasema anayeumia hana namna ya kumwajibisha.

Kinga iliyobaki ni rufaa. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya jinai iliyotoka Kentucky, iliruhusu mahakimu wasio wanasheria kwa kuwa mshtakiwa angeweza kusikilizwa upya mbele ya hakimu mwanasheria. Texas nayo rufaa hii huanza upya kabisa, kana kwamba haijawahi kusikilizwa. Ila katika kaunti ndogo hupelekwa kwa mkuu wa kaunti, ambaye huko huketi kama hakimu, naye si lazima awe mwanasheria. Na mpangaji aliyeshindwa ana siku tano tu za kukata rufaa.

Kwa hiyo mimi ningewaachia wananchi kura yao, lakini ningedai rufaa zote ziende kwa mwanasheria, na siku hizo tano ziongezwe. Kwa sasa, anayetolewa nyumbani na hana fedha za dhamana ya rufaa, yaani za kuweka ili rufaa ipokelewe, anaweza badala yake kuwasilisha tamko la kiapo kwamba hana uwezo wa kulipa. Wengi hawalijui, na karani halazimiki kukaa nao kuwaelekeza kwa lugha yao.