Mashine Imesamehewa Kodi, Mfanyakazi Analipiwa

Lawama kwamba mashine kutoka nje zinakula ajira za viwandani ina ukweli wake, ila kwa Mwanza ukweli huo umejificha mahali wengi hatupatazami.

Anza na samaki. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria kwenye miaka ya 1950 na 1960, na ilipofika miaka ya 1990 viwanda vya hapa vilikuwa vikiuza minofu Ulaya. Kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulilifunga soko hilo zaidi ya mara moja, kwa hofu ya bakteria, kipindupindu, na sumu waliyoitumia baadhi ya wavuvi. Katika yaliyosaidia kulifungua tena ni vifaa ambavyo hatuvitengenezi: mitambo ya barafu, vyumba vya baridi, maabara. Havikumfukuza mtu. Kisu cha kutolea minofu kilibaki mkononi mwa binadamu, na bila ubaridi ule hata meza ya kukatia isingekuwepo. Ajira zilipokuja kupungua baadaye, sababu kubwa ilikuwa ziwani: sangara waliadimika, viwanda vikawa vinafanya kazi chini ya uwezo wake. Anayemtafuta mchawi ndani ya mtambo wa barafu anamwacha mwenye kokoro, wavu unaozoa hata samaki wachanga, aende zake. (Mapanki nayo, ile mifupa inayobaki minofu ikishasafirishwa, yana wachuuzi na wakaangaji wake, ajira ambazo hakuna anayezihesabu kuwa za kiwanda.)

Kwenye pamba lawama ina uzito zaidi. Usukuma inalima, vinu vinachambua, kisha sehemu kubwa ya marobota inauzwa nje kabla haijawa uzi. Wazee wanaikumbuka Mwatex, kiwanda cha nguo cha Mwanza cha miaka ya 1960, na wanatamani irudi. Lakini kiwanda cha nguo kitakachojengwa leo hakitaajiri kama kile. Kwenye mitambo ya kufuma ya siku hizi, ikiwemo ile inayorusha uzi kwa nguvu ya hewa, mtu mmoja anasimamia mingi kwa wakati mmoja. Imebuniwa kwenye nchi ambako mshahara ni ghali, hivyo inaokoa kile kile tulicho nacho tele. Mwekezaji naye hana pa kukwepea: akinunua mitambo ya kizamani, kitambaa chake kitakataliwa au kitashindwa bei na cha Asia.

Mwaka 2021 Xinshen Diao, Mia Ellis, Margaret McMillan na Dani Rodrik walitoa utafiti kuhusu viwanda vya Tanzania na Ethiopia. Waliona kwamba viwanda vikubwa vinaongeza tija lakini haviajiri sana, na vinatumia mtaji mwingi kwa kila mfanyakazi kuliko inavyotarajiwa kwa nchi zenye kipato kama chetu. Ajira zinaongezeka kwenye karakana ndogo, ambazo tija yake haipandi.

Hapo ndipo ninapoigeukia serikali. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki unaiweka mitambo ya viwandani kwenye asilimia sifuri, na sioni ubaya, maana kuitoza kungewaumiza hata wenye viwanda vya samaki. Lakini anayeajiri anachangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, anachangia mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, na akifikisha watu 10 analipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Mashine imesamehewa, mtu analipiwa. Kisha tunashangaa mwenye kiwanda anapochagua mashine.

Watetezi wa tozo wana hoja nzito: sehemu ya fedha hizo inakwenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na bila fundi wa kuirekebisha, mashine ya kigeni ikiharibika inasubiri kipuri na mtaalamu kutoka ng'ambo huku wafanyakazi wako nyumbani. Mafunzo yanalinda ajira kuliko ushuru wowote. NSSF nayo ni uzee wa mfanyakazi mwenyewe, siyo ya kuchezea. Kiwango cha tozo pia kimepungua, kikafika asilimia 3.5 mwaka 2023, na tangu 2021 wenye watu chini ya 10 wamesamehewa.

Tatizo ni namna ukomo huo ulivyokaa. Tuseme karakana ya kuchomelea pale Nyakato ina mafundi tisa, kila mmoja analipwa shilingi 300,000. Haidaiwi tozo. Ikimchukua wa kumi, tozo inapigwa kwenye mishahara yote, siyo wa kwake tu: kwa kiwango hicho cha asilimia 3.5, ni shilingi 105,000 kila mwezi, zaidi ya theluthi ya mshahara wa huyo mgeni. Karakana kama hii ndiyo inayoweza kuchonga vipuri ambavyo viwanda vikubwa vinaagiza, na ndiyo inayopewa sababu ya kubaki na watu tisa. Kutoza kuanzia mshahara wa mtu wa kumi peke yake, na kuwaacha tisa wa mwanzo, kungeipunguzia VETA fedha kidogo kutoka kwa kila mwajiri. Pengo hilo linaweza kuzibwa kwa ada ndogo kwenye mitambo mikubwa inayoingia bila ushuru, ada ambayo matumizi yake yawe kuwafundisha mafundi wa kuitengeneza mitambo hiyo hiyo.