Walioiokoa Doctor Who ni mashabiki, wenye mali walishaifuta

Kila nikivaa ile fulana yangu ya kibanda cha bluu lazima mtu wa ofisini huku Mtumba, Dodoma, aniulize, hivi mzee na wewe, una familia kabisa, bado unaangalia vitu vya watoto? Na anayeuliza ni mtu anayeweza kukutajia kikosi cha Yanga cha 1998, kile kilichoingia makundi ya Afrika, kuanzia kipa mpaka waliokaa benchi. Yeye anaitwa mpenzi wa mpira, mimi naitwa sijakua. Haya, leo naongea.

Ninachoangalia ni Doctor Who, tamthilia ya kubuni ya sayansi ya BBC, televisheni ya Uingereza, tangu niko shule ya msingi mpaka sasa kidevu kimeanza kutoa mvi, na sioni siku nitakayoacha. Kwa asiyejua, huyo Daktari sio wa hospitali (mama yangu kwa muda mrefu aliamini naangalia mambo ya wagonjwa na alikuwa ananisifia kwa majirani, sikumsahihisha). Ni kiumbe kutoka sayari inaitwa Gallifrey, ana mioyo miwili, anazunguka kwenye wakati na anga ndani ya chombo kinachoitwa TARDIS, ambacho kwa nje ni kile kibanda cha polisi cha London ya zamani na kwa ndani ni kikubwa ajabu, yaani kinyume kabisa cha haisi ya Ihumwa saa kumi na moja jioni. Akikaribia kufa mwili wote unabadilika, anatoka mtu mwingine, sura nyingine, tabia nyingine, ila kumbukumbu ni zilezile. Hiyo mbinu ilizaliwa kwa shida tu, 1966 muigizaji wa kwanza William Hartnell afya ilikuwa imeshuka, wakaona badala ya kufunga duka wamgeuze kuwa Patrick Troughton mbele ya watazamaji. Ndo maana kipindi kipo mpaka leo.

Episodi ya kwanza ilirushwa 23 Novemba 1963, siku moja tu baada ya Kennedy kuuawa, na wiki iliyofuata wakairudia. Hapo Tanganyika haijatimiza hata miaka miwili ya uhuru na Tanzania haipo bado. Produsa alikuwa Verity Lambert, mwanamke ambaye hata miaka 30 hajafika, na muongozaji Waris Hussein, kijana aliyezaliwa India. Wapewe heshima yao hao wawili, maana bajeti ilikuwa ya kubahatisha.

Ila kitu kinachoniua mimi ni sauti. Ule mlio wa TARDIS ikiondoka, kama kitu kizito kinapumua kwa shida, sio kompyuta ile. Jamaa anaitwa Brian Hodgson alichukua ufunguo wa nyumba akaukwaruza kwenye nyuzi za piano kuukuu, akarekodi kwenye kanda, akaichezea kanda mpaka ikatoka hivyo. Na muziki wa kufungulia, Ron Grainer aliuandika lakini Delia Derbyshire ndo aliyeujenga noti moja moja, anarekodi sauti, anabadili spidi ya kanda, anakata kwa wembe na kuunganisha, mwaka 1963 ambapo sinthesaiza za kununua dukani hakuna. Ukiusikiliza kwa hedifoni usiku unasikia kabisa kwamba kuna mkono wa mtu mle ndani. Muziki wa tamthilia nyingi za siku hizi siukumbuki hata dakika tano baada ya kuzima.

Mimi niliikuta kwa baba mdogo Area C, alikuwa na dishi, ikiwa imerudi tu hewani 2005 na Christopher Eccleston kama Daktari, na jaketi lake la ngozi nililitamani miaka mingi. Dishi lilipokatwa nikahamia kwenye flashi, kuna kijana pale Sabasaba alikuwa anajazia watu muvi, unampa elfu mbili unarudi jioni, unakuta sizoni inaanzia episodi ya tano, chini kuna maandishi ya Kiarabu, katikati imeingia filamu ya Kihindi, na wewe unaangalia hivyohivyo unaunganisha mwenyewe kichwani. Ile ya 2007 ya masanamu ya malaika, yale ambayo ukiyaangalia yanaganda na ukipepesa macho tu yanakufuata, niliiangalia peke yangu umeme ukakatika palepale. Kwa muda mrefu nikipita Nyerere Square jioni sikuwa namgeuzia mgongo Mwalimu.

Sasa hoja yangu. Miaka ya 60 na 70 kanda za video zilikuwa ghali, BBC wakawa wanazifuta na kurekodia vitu vingine juu yake. Mikataba na vyama vya waigizaji nayo ilibana marudio, kwa hiyo kwa akili ya stoo kipindi kikisharushwa kimeisha kazi. Zile kopi za filamu za kuuza nje ya nchi nazo haki zikiisha muda zinaharibiwa. Wamekuja kuacha mchezo huo 1978, na mpaka leo episodi zaidi ya 90 za miaka ya 60 picha zake hazijulikani zilipo. Hakukuwa na moto wala vita, ni utaratibu tu wa ofisi, mtu ana orodha, anatiki, anafuta. Na mimi ni mtu wa ofisi, najua jinsi kitu cha maana kinavyoweza kufa kwa kutiki.

Lakini sauti zipo! Zote! Kila episodi iliyopotea sauti yake ipo, kwa sababu kulikuwa na mashabiki, wengine watoto wa shule kabisa, waliotega rekoda mbele ya TV kila Jumamosi na kuwaambia watu sebuleni wanyamaze. Hakuna aliyewatuma wala kuwalipa na naamini nao waliulizwa swali hilihili, hivi utakua lini. Zile kanda zao ndo zimesafishwa, nyingine zimechorewa katuni juu yake ili tuangalie, bila wao kungekuwa kimya. Na picha nazo baadhi zimepatikana wapi? Afrika. BBC walikuwa wanauza kipindi kwenye vituo vya huku kwetu, Nigeria, Zambia, Uganda, Kenya, filamu ikitoka kituo hiki inapelekwa kile, na nyingine zikasahaulika stoo. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba episodi tisa za Troughton zimepatikana Jos, Nigeria, zimekaa kwenye makopo miaka na miaka, na aliyezifukua ni Philip Morris, mtu aliyejipa kazi ya kuzunguka nchi za watu kutafuta filamu zilizopotea. Huku Bara TV imeingia 1994 kwa hiyo hatuna hata stoo ya kuomba funguo.

Halafu 1989 BBC wakakiacha, kikakaa nje miaka 16 ukiondoa filamu moja ya TV ya 1996. Katikati hapo waliokiweka hai ni mashabiki haohao, wanaandika vitabu, wanarekodi michezo ya sauti, wanagombana kwenye majarida. Aliyekirudisha 2005, Russell T Davies, ni shabiki wa tangu utoto. Steven Moffat aliyempokea, shabiki. David Tennant, naye aliyewahi kuwa Daktari, anasema aliingia uigizaji kwa sababu ya hiki kipindi. Peter Capaldi akiwa kijana aliandika barua ya kukisifia ikachapwa kwenye jarida la Radio Times 1974, baadaye sana akaja kuwa Daktari mwenyewe. Kwa hiyo ukiniambia nikue nakuuliza, nikue niwe nani, yule aliyefuta kanda?

Naomba nisieleweke kwamba nakipenda kila kitu mle. Kuna sizoni nzima huwa naziruka. Na hili la Ncuti Gatwa bado linaniuma. Jamaa kazaliwa Kigali 1992, familia ikakimbia 1994 akiwa mtoto mdogo, akakulia Uskoti, halafu anakuwa Daktari. Mimi nakaa mji ambao malori ya transiti ya kwenda Kigali yanapita usiku na mchana, madereva wanakula chipsi hapa hapa, sasa kumuona mtu wa mwisho wa barabara ile ameshika funguo za TARDIS anacheka vile na meno yote nje, aisee. Kuna watu wazima mitandaoni walilia kwamba Daktari hawezi kuwa mweusi, mhusika anayebadilika mwili mzima tangu 1966, hao sina muda nao. Kinachoniuma ni kwamba alipata sizoni mbili za episodi nane nane, 2024 na 2025, na ile ya kumuaga ya 31 Mei 2025 imekimbizwa kama wanawahi treni. Mkataba na Disney wa kukionyesha nje ya Uingereza nao ukafa mwaka huohuo, na watu wakaanza tena, kimekufa kimekufa. BBC wamesema kuna episodi ya Krismasi 2026 na bando langu lipo tayari.

Ila tukirudi kwetu. Waingereza kipindi chao wamekikuta Nigeria. Sisi Mgogo wetu, marehemu mwanamuziki Hukwe Zawose, rekodi zake zilizo safi kuliko zote nilizowahi kusikia zimetolewa na Real World, lebo ya Uingereza. Sina ugomvi na lebo, nawashukuru, ila inabidi tujiulize huku nyumbani nani alitega rekoda. Vipindi vya TV vya mwishoni mwa miaka ya 90, maigizo yale tuliyokuwa tunakimbilia kwa jirani, matangazo ya sabuni, ngoma za sherehe, mimi siamini kuna karani anavilinda kuliko shangazi yangu.

Shangazi yuko Mpwapwa, ana kabati la kanda za VHS ambazo mume wake alikuwa anarekodi kila akiona kitu kwenye TV, juu kaandika kwa kalamu ya wino, nyingine "MAIGIZO + HABARI", nyingine "NGOMA, USIFUTE". Zimeanza kushika ukungu pembeni na deki yake ilishakufa. Kuna fundi hapa Majengo ana deki anataka laki moja na nusu na hana uhakika kama haitatafuna kanda. Mwenye deki ya VHS nzima Dodoma hii, hata ya kuazima wiki moja, aseme, nauli ya Mpwapwa ninayo na shangazi nishamwambia asiruhusu mtu kugusa lile kabati.