Mbwa anakaguliwa nyumba, mi nilishushwa stendi tu

Jumamosi kaja dada mmoja wa shirika la kuokoa wanyama na mafomu yake hapa kwangu Leeds, Uingereza, kapima uzio kwa futi kamba, kauliza mchana nani anabaki nyumbani, kataka mpaka barua ya mwenye nyumba. Yote hiyo mbwa. Tena sio wangu, ni wa kukaa naye kwa muda tu mpaka apate mwenyewe. Nilicheka, maana mi nilipopelekwa kwa shangazi Kihesa, Iringa, nikaanze la kwanza hakuna aliyekuja kupima uzio, nilishushwa stendi na kifurushi cha nguo basi.

Huku mabanda ya hayo mashirika yanajaa, hasa paka wakianza kuzaa kwa fujo kuanzia mwezi wa nne, ndo wanabembeleza watu: lea huyu wiki mbili tatu, chakula tunaleta, daktari tunalipa. Na kazi ipo jamani. Kitoto cha paka kisicho na mama kinataka chupa kila baada ya masaa mawili matatu usiku na mchana, maziwa ya ng'ombe hapana kitaharisha, ni ya unga ya kwao, afu ukishakinywesha unakisugua chini na pamba yenye maji vuguvugu ndo kikojoe. Bandani nani atakesha hivyo?

Najua komenti zenu, "kapata visa anakuja kutufundisha mbwa". Na wa utani nimeshawasikia, Mhehe kakabidhiwa mbwa, eti sie tunawala, haya chekeni tumalize. Wala sisemi Wazungu wana roho nzuri, jirani yangu mzee anamaliza wiki hajapigiwa hodi wakati mbwa anapigiwa simu kuulizwa hali. Hapo tunawazidi mbali.

Ila ndo kinachonikera sasa, sie kulea cha mwenzio tumezaliwa nacho, nitajie nyumba Iringa isiyo na mtoto wa ndugu, na uwanja tunao. Lakini mbwa akizaa, madume yanagawiwa, majike kwenye kiroba yanatupwa bondeni. Yanayopona yanakuwa mbwa koko, siku yakizidi mtaani inakuja bunduki au sumu, na sheria ya ustawi wa wanyama tunayo tangu 2008.

"Watu hawana hela ya kula." Sawa kabisa, ndo maana huku hawaombi huruma tupu, wanakuja na mfuko wa chakula mlangoni. Nyumbani nani amewahi kumfuata mama mwenye uwanja akamwambia unga na dagaa hivi hapa, chanjo ya kichaa nalipa, we kaa nao tu mpaka wapate wa kuwachukua? Hajaulizwa, afu tunasema Mswahili hapendi wanyama.

Na wewe wa "saidieni yatima kwanza", kwako wamo wangapi?

Anayemjua bwana mifugo pale Iringa anayefunga kizazi mbwa jike kwa bei ya kueleweka anitumie bei inbox. Nina ndugu Ipogolo kakubali kukaa na majike manne, chakula natuma mimi.