Usiandike Content-Type kwa mkono

Skripti nyingi zinazoshindwa kutuma faili kupitia fomu zina ugonjwa mmoja: aliyeziandika ameweka mwenyewe kichwa cha `Content-Type: multipart/form-data`, kinachoiambia seva aina ya maudhui, akidhani anaisaidia maktaba (msimbo uliotengenezwa tayari wa kutuma maombi). Kichwa hicho hakijakamilika bila `boundary`, ule mfuatano wa herufi unaotenganisha kipande na kipande, na maktaba huutunga wakati wa kutuma. Ukiweka chako, maktaba inakiheshimu na kukiacha kilivyo. Seva inapokea vipande bila kujua vinakatwa wapi. Ukibahatika utapata 400, yaani ombi limekataliwa kwa kuwa na kasoro. Usipobahatika utapata 200, yaani "sawa", na upande wa pili sehemu zote ziko tupu.

Ndiyo maana nasema usikimbilie maktaba kabla hujaona kinachosafiri. Muundo huu si fumbo: ulielezwa mwaka 1995 katika RFC 1867 (RFC ni nyaraka za viwango vya intaneti), na leo unaongozwa na RFC 7578 ya mwaka 2015. Mfano mzuri ni OpenRosa, utaratibu ambao ODK Collect, programu ya simu ya kukusanya data, hutumia kupeleka majibu ya dodoso na picha zake, na ambao KoboToolbox, mfumo mwingine wa kukusanya data, nao unaupokea. Jibu moja lenye picha moja huenda hivi:

```
--Mpaka7f3a91
Content-Disposition: form-data; name="xml_submission_file"; filename="jibu.xml"
Content-Type: text/xml

...XML ya jibu...
--Mpaka7f3a91
Content-Disposition: form-data; name="kisima.jpg"; filename="kisima.jpg"
Content-Type: image/jpeg

...baiti za picha...
--Mpaka7f3a91--
```

Kwenye kichwa mpaka (ile `boundary`) ni `Mpaka7f3a91`, lakini ndani ya mwili kila mara unatanguliwa na vistari viwili, na ule wa mwisho unafungwa na vingine viwili. Ukisahau hivyo vya kufunga, baadhi ya seva zitasubiri kipande ambacho hakiji. Mistari ya muundo inaishia kwa CRLF (alama mbili za mwisho wa mstari, `\r\n`), si LF (`\n`) peke yake, na kati ya vichwa vya kipande na maudhui yake lazima pawe na mstari mtupu. Mpaka usizidi herufi 70, wala usitokee ndani ya faili lenyewe, ndiyo sababu maktaba hutunga herufi za kubahatisha. Anayejenga mwili huu kwa kuunganisha maneno kwenye Python akumbuke kuunganisha baiti, maana picha haiwezi kupita kwenye maandishi ya UTF-8 ikabaki nzima.

Kwa majaribio, curl, programu ya kutuma maombi kutoka kwenye terminali, inatosha:

```
curl -H "X-OpenRosa-Version: 1.0" \
  -F "xml_submission_file=@jibu.xml;type=text/xml" \
  -F "kisima.jpg=@kisima.jpg;type=image/jpeg" \
  "$ANWANI"
```

Ni `-F`, si `-d`. Alama ya `@` ikikosekana, seva itapokea neno "jibu.xml" badala ya faili. Ukiweka `<` mahali pake, maudhui yatakwenda kama maandishi ya kawaida yasiyo na `filename`, na seva nyingi hazitayahesabu kuwa faili. Ongeza `--trace-ascii -` uone kila mstari unaotoka. Hapo ndipo ubishi mwingi huishia.

Kwenye requests, maktaba ya Python, tumia `files=` na ukipe kila kipande jina la faili, faili lililofunguliwa kwa `"rb"` (kusomwa kama baiti), na aina yake. Sehemu ya maandishi tu inaweza kukaa kwenye `data=`. Tatizo la requests ni kwamba hujenga mwili wote kwenye kumbukumbu kabla ya kutuma: picha 30 za MB 4 ni MB 120, na kompyuta ndogo ya ofisini italalamika. `MultipartEncoder` ya requests-toolbelt, maktaba ya nyongeza, hutuma kidogo kidogo. Hapo, kwa kweli, unaweka Content-Type mwenyewe, ila thamani yake unaichukua kwenye `encoder.content_type`, huitungi.

Jina la picha ni mtego mwingine. Ndani ya XML, swali la picha linabeba jina la faili tu, na seva hulinganisha jina hilo na la kipande. XML ikisema `kisima.jpg` nawe ukatuma `Kisima.JPG`, picha itabaki bila mwenyewe. Mpangilio wa vipande nao una wenyewe: fomu za kupakia moja kwa moja Amazon S3 (hifadhi ya faili mtandaoni) zinataka sehemu ya `file` iwe ya mwisho, na kinachofuata baada yake hakisomwi.

Halafu ukubwa. Nginx, programu ya seva, isiyobadilishwa mipangilio hukataa mwili unaozidi MB 1 na kujibu 413, yaani ombi ni kubwa mno. PHP, lugha inayoendesha seva nyingi, kwa chaguo-msingi huruhusu MB 2 kwa faili na MB 8 kwa ombi zima. Ukivuka hizo 8, `$_POST` na `$_FILES` zote huja tupu, na msanidi anaanza kutafuta kosa kwenye skripti isiyo na kosa. OpenRosa ina ustaarabu zaidi: tuma kwanza ombi la HEAD (linalorudisha vichwa tu), usome `X-OpenRosa-Accept-Content-Length`. Picha zikizidi kiwango hicho, zigawe katika maombi kadhaa, kila moja likibeba XML ileile.

Mwisho, mtandao unaokatika. requests haina muda wa kungoja mpaka uuweke, kwa hiyo andika kitu kama `timeout=(10, 120)`. Muunganisho ukikatika kabla ya 201, ishara ya kupokelewa, kurudi, huenda seva imeshahifadhi jibu. Usitengeneze uuid mpya, yaani kitambulisho cha kipekee cha jibu kinachokaa kwenye `instanceID`, unaporudia. Tuma XML ileile yenye `instanceID` ileile, seva itaitambua. Ukibadilisha uuid, mhojiwa mmoja atahesabiwa mara mbili kwenye jedwali.