Mwacheni Mama wa Watu Alie

Jumamosi nilikuwa msibani Mbagala. Mama kafiwa na binti wa kidato cha pili, homa ya siku chache tu. Kakaa mkekani, khanga imemdondoka begani, analia kwa sauti: "Mungu, nimekukosea nini mimi?" Mzee wa kanisa akainuka kwenye kiti chake cha plastiki, akamwinamia. "Basi, mama, basi. Unamkufuru Mungu. Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Mama wa watu akajiziba mdomo kwa pindo la khanga. Wengine wakaitikia amina. Mimi nikatoka nje kwa wanywa kahawa, maana nilikuwa na neno ambalo msibani halisemwi.

Nalisema hapa.

Huo mstari wa mzee ni Ayubu 1:21. Kitabu kina sura 42. Nani katupa ruhusa ya kuifunga Biblia kwenye sura ya kwanza? Sura ya 3 Ayubu huyohuyo anailaani siku aliyozaliwa. Huko mbele anamlalamikia Mungu bila kupepesa macho, anataka wasimame naye barazani wahojiane. Na wale rafiki zake watatu? Walianza vizuri sana: siku saba, usiku na mchana, walikaa naye chini na hakuna aliyefungua kinywa. Walipokifungua ndipo wakaharibu. Wakaanza kumtetea Mungu. Utakuwa umekosea mahali, tubu, Mungu haonei mtu. Soma zile hotuba, utadhani zilitolewa juzi Mbagala.

Halafu nenda 42:7. Mungu anamwambia Elifazi kwamba hasira zake zinamwakia yeye na wenzake wawili, kwa sababu hawakunena yaliyo sawa habari zake kama Ayubu alivyonena. Wanatumwa wapeleke ng'ombe saba na kondoo waume saba, na Ayubu ndiye awaombee. Mlalamikaji anawaombea watetezi! (Mahubiri ya msiba juu ya mstari huo bado sijayasikia. Siku nikiyasikia natoa sadaka mara mbili.)

Imani ya Ayubu haikukua kwa kunyamaza. Ilikua kwa sababu ugomvi wake aliupeleka kwa Mungu mwenyewe. Mtu aliyeacha kuamini haulizi "Mungu, kwa nini?" Atamuuliza nani?

Mama yangu mkubwa, kule Tanga, alifiwa na mume baharini. Akaacha kwaya. Ibadani alikuja, ila alikaa benchi la nyuma na wimbo ukianza haimbi. Nyumbani, akichambua mchele kwenye ungo, alisema na Mungu kwa sauti kama anayemdai: "Baba, na ada ya huyu wa sekondari nani atalipa? Wewe?" Anatupa chenga, anauliza tena. Watu wakasema amerudi nyuma kiimani. Mimi nasema usharika mzima hakuna aliyekuwa akiomba kumzidi. Leo ukitokea msiba wanamwita yeye, na mistari ya kufariji wala hana. Anavua kandambili, anakaa ubavuni kwa mfiwa, anamkanda miguu. Mfiwa akiuliza kwa nini, anamwambia, "Hata mimi nilimuuliza."

Tunayo na ile faraja nyingine: "Mungu amechuma ua zuri kuliko yote." Bustani gani hiyo mbinguni inayopungukiwa maua hadi ije kuchuma Mbagala? Mei 2017, majeneza ya wanafunzi waliokufa kwenye ajali ya basi Karatu yalipopangwa Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, ungethubutu kumwendea mzazi ukamwambia habari za maua?

Haya, nakubali, shingo upande: wapo ambao uchungu huwageuka chuki, miaka inapita hata kengele ya kanisa hawataki kuisikia. Na Paulo alituambia tusihuzunike kama wasio na matumaini. Lakini hakusema tusihuzunike. Yesu alilia akielekea kaburini kwa Lazaro, akijua fika kwamba anakwenda kumfufua. Msalabani akapaza sauti, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Mzee wetu angekuwepo pale angemwambia nini? Basi, Bwana, unakufuru?

Na Warumi 5, dhiki kuleta saburi, naiamini yote. Ila Paulo aliyeandika hayo alikuwa mtu wa kupigwa na kufungwa, akisema na dhiki zake mwenyewe. Ni rahisi mno kuihubiri dhiki ya mwenzako huku unasubiri sahani ya wali.

Mzee wangu, najua nia yako ilikuwa njema, na kilio cha namna ile kinatisha. Turubai limeshafunguliwa, viti vimerudishwa kwa mwenyewe, ndugu wa mkoani wamepanda mabasi. Yule mama sasa yuko peke yake na sare za shule za mwanawe. Nenda, peleka hata unga kilo mbili, ukae. Akianza tena kumuuliza Mungu, usimjibie.