Cleveland baada ya LeBron: ule msimu wa vipigo 63 ulikuwa mtaji au hasara tupu?

Ukikaa pembeni ya kiwanja cha basketi pale UDOM jioni, au kijiwe chochote hapa Dodoma ambacho watu wanafatilia NBA, kuna hoja moja haiishi. Kwamba timu ikiondokewa na nyota aliyeibeba miaka mingi isijisumbue kupambana, iuze waliobaki, ikubali kufungwa msimu mzima halafu ichukue kinda bora kwenye drafti (zoezi la kila mwaka la timu kuchagua wachezaji wapya, ambapo dhaifu hupewa nafasi kubwa ya kuchagua mwanzo) na kuanza upya. Na ushahidi unaoletwa ni uleule, Cleveland Cavaliers ya 2010/11, ilishinda mechi 19 ikapigwa 63, af 2016 ikabeba ubingwa.

Mi hii hoja naiheshimu maana ina ukweli ndani yake, ila naona watu wanaichukua nusu. Ukiufatilia ule msimu mechi kwa mechi unaona kitu tofauti kidogo, kwamba kufungwa kwenyewe hakukuirudisha Cleveland kwa kiasi wanachodai watu.

Tuanze na walichopoteza. LeBron James ni mtoto wa Akron, jirani kabisa na Cleveland, walimchukua namba 1 kwenye drafti mwaka 2003, akawapeleka fainali 2007 wakafungwa 4-0 na San Antonio Spurs, akachukua MVP (tuzo ya mchezaji bora wa msimu) mbili mfululizo 2009 na 2010. Msimu wake wa mwisho alikuwa na wastani wa karibu pointi 30 na asisti zaidi ya 8 kwa mechi, timu ikashinda 61 na kupoteza 21. Tarehe 8 Julai 2010 akatangaza kwenye televisheni, dunia nzima inamuangalia, kwamba anaenda Miami. Usiku huohuo mmiliki wa timu, Dan Gilbert, akatoa barua ya hasira akiahidi kwamba Cleveland itachukua ubingwa kabla ya LeBron, na ligi ikampiga faini ya dola 100,000. LeBron akachukua 2012 na 2013, Cleveland wakati huo hata hatua ya mtoano haioni.

Sasa hapa naomba tuwe wakweli kwa uongozi ule, maana watu wanautukana sana. Soko la wachezaji lilifunguliwa tarehe 1 Julai, LeBron akasema tarehe 8. Wiki nzima hiyo Cleveland ilikuwa imefungwa mikono, huwezi kutafuta mbadala wa mtu ambae bado unambembeleza abaki, na wakati wanasubiri, nyota wengine waliokuwa sokoni, Amar'e Stoudemire keshaenda New York, Chris Bosh keshaelekea Miami. Kocha mpya Byron Scott walimpa kazi kabla hawajajua timu yenyewe itakuwa na nani. Kwa hiyo lile kosa la majira yale ya joto sio lao peke yao, na mtu anayesema wangeweza kujipanga mapema anasahau kwamba kumuuza LeBron mapema kungefanya mji mzima uwakimbilie na mawe.

Kosa lao lilikuwa la zamani zaidi. Ile timu ya ushindi 61 ilijengwa yote kumzunguka mtu mmoja. Mo Williams, Anthony Parker, Daniel Gibson, kazi yao kubwa ilikuwa kusimama mbali na kutupia pale LeBron anapovuta mabeki wawili watatu na kuwaachia nafasi. Antawn Jamison waliletewa Februari 2010 kwa ajili ya kumsaidia LeBron, sio kwa ajili ya kuwa kiongozi. Ukimtoa yule anayevuta mabeki, hao wengine wote wanakuwa na mtu usoni, na mtupiaji mwenye mtu usoni ni mchezaji wa kawaida tu. Shaquille O'Neal akaenda Boston, Zydrunas Ilgauskas aliyekaa pale miaka na miaka akamfata LeBron Miami.

Na cha ajabu hawakuanza vibaya. Mechi ya kwanza waliifunga Boston 95-87, Boston iliyotoka kucheza fainali miezi michache nyuma! Wakafika mpaka ushindi 7 na vipigo 9, watu wakaanza kusema kumbe inawezekana. Wakapoteza moja, halafu ikaja tarehe 2 Desemba, LeBron anarudi Cleveland na jezi ya Miami, uwanja mzima unazomea tangu anaingia mpaka anatoka, na yeye akawatupia pointi 38, Miami ikashinda 118-90. Mi naamini ile mechi ndo iliwavunja, maana ukihesabu mechi 37 tangu pale waliposimama kwenye 7 na 9, walishinda moja tu, dhidi ya New York, tena kwa muda wa nyongeza. Baada ya hapo vipigo 26 mfululizo, kuanzia Desemba 20 mpaka Februari 9. Katikati yake kuna ile ya Januari 11 kwa Lakers, 112-57. Pointi 57 mechi nzima, robo nne zote. Anderson Varejao, ambae alikuwa ndo roho ya timu kwenye rebaundi, akaumia kifundo cha mguu Januari na msimu ukaishia hapo. Mechi zao nyingi za nyumbani zinaanza saa 1 usiku kwao, huku kwetu ni saa 9 usiku, na ilihitaji moyo kweli kuamka kuangalia hilo.

Haya, wanaosema kuvunja timu ni sahihi wana nini mkononi? Wana vitu vizito. Kwanza LeBron mwenyewe alipatikana kwa njia hiyo, 2002/03 Cleveland ilishinda 17 ikapoteza 65 ndo ikapata namba 1. Pili, baada ya ule msimu wa 19-63 walipata namba 1 na namba 4 kwa pamoja, Kyrie Irving na Tristan Thompson, na hao wawili wote walikuwa kikosi cha kwanza 2016. Ile mechi ya saba ya fainali dhidi ya Golden State, timu iliyoshinda mechi 73 msimu ule, kutupia kwa Kyrie mbele ya Stephen Curry zikiwa zimebaki sekunde 53 ndiko kulikovunja sare, ikaisha 93-89, mji ukapata ubingwa wa kwanza wa mchezo mkubwa tangu 1964. Mtu akikuonyesha hayo utambishia vipi?

Mi nambishia kwa swali moja, namba 1 ilitoka wapi? Maana hapa ndo watu wengi wanaruka. Cleveland ilikuwa ya pili kutoka mwisho (Minnesota ndo ilishika mkia na 17-65), kwa hiyo kwenye ile bahati nasibu ya drafti, inayopanga nani achague kwanza, nafasi yao wenyewe ilikuwa na asilimia 19.9 za kutoka namba 1. Haikutoka. Iliteremka mpaka namba 4, wakamchukua Thompson. Namba 1 iliyomleta Kyrie ilikuwa ya Clippers, na ilikuwa na asilimia 2.8 tu. Waliipataje? Februari 24, 2011 walimtoa Mo Williams na Jamario Moon, wakakubali kumpokea Baron Davis na mkataba wake mzito ambao Clippers walikuwa wanauhangaikia kuuondoa, na kwa kukubali ule mzigo wakapewa na nafasi ya Clippers ya drafti juu yake bila masharti yoyote. Yaani vipigo 63 vilimnunua Tristan Thompson. Kyrie alinunuliwa na simu moja ya meneja na mmiliki aliyekubali kulipa mshahara wa mtu mwingine.

Hilo kwangu linabadilisha hesabu nzima. Timu ingeweza kupigana, ikashinda hata 30, na bado ikafanya ile biashara na ikampata Kyrie vilevile, kwa sababu ile nafasi haikuhusiana kabisa na matokeo yao.

Af drafti yenyewe ni kamari, sisi Watanzania ndo tungepaswa kulijua hili kuliko wote. Hasheem Thabeet alichukuliwa namba 2 na Memphis mwaka 2009, mbele ya James Harden aliyekuwa namba 3 na Curry namba 7, na Memphis wakamuuza Houston kabla hajamaliza hata msimu wa pili. Silisemi kumdharau, ni heshima kubwa aliyoiletea nchi hii na bado ipo, nasema tu kwamba namba ya juu ni nafasi ya kujaribu. Cleveland wenyewe 2013 walipata tena namba 1 wakamchukua Anthony Bennett, na kila mtu anajua ilivyoenda. Misimu mitatu baada ya ule wa 19-63 wakaenda 21-45, 24-58, 33-49. Kyrie yupo, Thompson yupo, na bado wanafungwa. Walichomoka pale Julai 2014 LeBron alipotangaza anarudi nyumbani. Sasa we niambie ni timu gani nyingine duniani ina mtoto wa jirani ambae ni mchezaji bora wa kizazi chake na anakubali kurudi? Huo hauwezi kuwa mpango wa mtu mwingine.

Ingawa hapohapo upande wa pili watanijibu, na wana haki, kwamba LeBron asingerudi kwenye timu tupu. Alirudi sababu alimkuta Kyrie, na sababu walikuwa na Andrew Wiggins namba 1 ya 2014 wa kumbadilisha na Kevin Love. Hilo nakubali kabisa. Vipigo vilijaza ghala, nisipolisema hilo nitakuwa sijautendea haki upande wao.

Kuna wanaoleta mfano wa San Antonio, kwamba Tim Duncan alistaafu Julai 2016 baada ya misimu 19 na ubingwa mara 5, na msimu uliofata Spurs wakashinda 61 kana kwamba hakuna kilichotokea. Mi huo mfano naona hauwatendei haki Cleveland. Duncan aliondoka na miaka 40, kazi ya kuibeba timu alishaikabidhi kwa Kawhi Leonard, MVP wa fainali za 2014. LeBron aliondoka na miaka 25. Na hata Spurs, Kawhi alipoumia mechi ya kwanza ya fainali ya Magharibi (hatua kabla ya fainali ya ligi) dhidi ya Golden State, wakapigwa 4-0, mwaka uliofata akacheza mechi 9 tu halafu akaenda Toronto. Hapo ndo wakajua kuondokewa na nyota kukoje.

Hapa nyumbani tumeyaona yote mawili kwenye mpira wa miguu. Simba Agosti 2021 iliwaachia Luis Miquissone na Clatous Chama kwa mpigo, wakiwa mabingwa mara nne mfululizo, na msimu ule Yanga ikachukua ligi bila kufungwa hata mechi. Yanga nayo 2023 ikaondokewa na Fiston Mayele, kocha Nabi, Feisal Salum, watu wakaandaa matanga, wakaja kina Pacome na Maxi, Aziz Ki akafunga 21 na ubingwa ukabaki palepale. Tofauti naiona kwenye swali moja, je, mabao yalikuwa yanapita kwa mtu mmoja au kwa mfumo? Najua ligi yetu haina drafti, ukishuka unashuka kweli, kwa hiyo kijana anayependekeza "tufungwe makusudi" kwenye timu za huku hana hata faida ya namba 1 ya kujitetea.

Kitu kingine ambacho sipendi kinavyopuuzwa ni wale waliocheza. Baada ya kuvunja mkosi kwa kuifunga Clippers 126-119 Februari 11 kwa muda wa nyongeza, ile timu haikujilaza. Siku chache baadae wakaifunga Lakers 104-99, Lakers mabingwa watetezi, ileile iliyowapiga kwa tofauti ya pointi 55 mwezi mmoja nyuma, na kijana wa Kinshasa, Christian Eyenga, akadanki juu ya Pau Gasol. Machi 29 wakaifunga Miami ya LeBron 102-90. Katika mechi 28 za mwisho walishinda 10. Kwa mtazamo wa wanaotaka timu ifungwe, ushindi ule wote ulikuwa makosa, unapunguza asilimia zako. Mi nashindwa kabisa kukubali hilo. Mashabiki wale walilipa kiingilio mechi 41 za nyumbani, na kama kuna usiku mmoja walistahili msimu ule ni ule wa Miami.

Kwa hiyo ukiniuliza Cleveland walikosea wapi hasa, sitasema kwenye vipigo. Nitasema Jamison. Alikuwa na soko Julai 2010, mfungaji wa pointi 18 kwa mechi msimu ule, timu za kugombea ubingwa zingemtafutia nafasi, na wakamshikilia mpaka mkataba ukaisha 2012 akaenda Lakers bure, Cleveland hawakupata hata drafti ya raundi ya pili. Kama ile biashara ya Mo Williams ilileta Kyrie Irving, na Jamison nae angeuzwa mapema kwa akili ileile, basi ile misimu mitatu ya giza iliyofuata isingekuwa ya lazima.