Mwakilishi wadi na hazina ya wadi: nani achague mradi, nani aukague?

Matangani, kanisani, msikitini, mwakilishi wadi wa Kenya, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, huulizwa swali lile lile: umetufanyia nini? Jibu linalongojwa ni kisima, basari au daraja. Lakini kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamtaka afikishe maoni ya wananchi katika bunge la kaunti, na kinamkataza kujiingiza katika utendaji wa kaunti au kutoa huduma kana kwamba ni mtumishi wake.

Wanaotetea hazina ya wadi, yaani fungu la bajeti ya kaunti linalotengewa kila wadi kwa miradi ya maendeleo, wana hoja nzito. Bila fungu lililotengewa kila wadi, gavana anaweza kurundika miradi mjini au kwenye ngome zake, na mwakilishi anayemkosoa ataona watu wake wakinyimwa barabara. Ukabila wa siasa za kaunti nyingi unaifanya hofu hiyo kuwa ya kweli.

Wapinzani wanauliza: aliyechagua mradi na mahali pake atamhoji nani ukikwama? Mimi naona kuna kasoro nyingine inayoumiza zaidi. Fedha hizo hujenga, haziendeshi. Zahanati inapakwa rangi na kufunguliwa kwa ngoma, ilhali wauguzi huajiriwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti kutoka bajeti ya mishahara. Nafasi zisipotengewa fedha mapema, jengo hukaa na kufuli. Kisima nacho kinahitaji pampu, umeme au sola, tangi, na kamati inayokusanya ada ya ukarabati. Mgao ukimegwamegwa ili kila kijiji kipate chake, vijiji hubaki na misingi isiyo na kuta. Halafu kuna mipaka ya Jedwali la Nne la Katiba: chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni vya kaunti, shule za msingi na sekondari ni za serikali kuu.

Kwa maoni yangu, mgao wa uhakika kwa kila wadi ubaki, ila mwakilishi asikae kwenye kamati inayoutumia. Nguvu yake iko kwenye kalenda ya bajeti. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa sera ya fedha Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 haziruhusu bunge kubadilisha fungu la idara kwa zaidi ya asilimia 1 ya kikomo chake. Anayeleta orodha yake ya miradi Mei amechelewa sana.

Kazi yenyewe ni ya Julai na Agosti: kuitisha baraza, kuhakikisha ardhi ni ya umma na ina hati, kumtaka mhandisi wa kaunti akadirie gharama ya kujenga na ya kuendesha. Baadaye, hazina ya kaunti inapowasilisha taarifa ya kila robo mwaka, aulize mradi umelipwa kiasi gani, kisha aende kuulinganisha na kilichosimama pale.